Meli Inafika Kwetu, Nami Nimeambiwa Nisishuke

Doña Eufrasia mpendwa, wewe ambaye ukurasa wako tunausoma hata kabla ya matangazo ya vifo, naomba msaada wako na naomba haraka, maana meli yenyewe inaondoka tarehe kumi na nne mwezi ujao na mpaka leo sijatia hata gauni moja kwenye sanduku.

Mimi ni mama wa miaka sitini na saba, mzaliwa wa kijiji cha Palenque, mkazi wa Cartagena tangu usichana wangu, na kwa miaka thelathini na minane nimeuza matunda ndani ya kuta za mji mkongwe, beseni kichwani, embe, papai, nanasi na tikiti, na Jumapili vitamutamu vya mtama na nazi, na sikuwahi kudondosha beseni hata mara moja, hata siku ile farasi wa mkokoteni wa watalii aliponigonga bega, na yeyote atakayekwambia nilidondosha mwaka ule wa mvua kubwa ni mwongo, lile lilikuwa beseni la mwenzangu Nicolasa. Kwa beseni hilo nimesomesha watoto watatu, na wa mwisho, Yaneris, leo ni muuguzi mkuu wa wodi ya watoto huko Panama, madaktari wazima wanamwita kwa heshima. Tena ni mimi na Nicolasa na wenzetu wawili, Mungu awarehemu, tuliosimama mbele ya watembeza watalii tukawaambia kuanzia leo hakuna kumpiga picha mwanamke wa Palenque bila kumwomba na bila kumlipa, sisi si sanamu za uwanjani, na mpaka leo sheria hiyo inafuatwa. Nakueleza haya ujue unazungumza na nani.

Sasa mjukuu wangu Maireth, binti wa Yaneris, anatimiza miaka kumi na mitano, akaulizwa kama anavyoulizwa kila msichana wa kwetu akifika umri huo, unataka sherehe au safari, naye akasema safari, tena ya meli ya watalii, familia nzima ya pande zote mbili. Kupanga njia wakamwachia baba mkwe wa Yaneris, Don Aurelio, mwalimu mstaafu wa historia, mtu mwema lakini hawezi kupita mbele ya ukuta wa mawe bila kutoa daftari, naye akakataa visiwa vyote vyenye ufuo peke yake, akasema, "Bandari isiyo na ngome ni gati tu!" Basi kwanza tutakwenda kwa basi Portobelo tukaone nyumba ya forodha ya zamani, halafu tupande meli Colón, hukohuko Panama, tupite Willemstad, bandari ya visiwani, na siku ya kuzaliwa kwenyewe, Doña Eufrasia, siku yenyewe, meli inatia nanga Cartagena. Yaani mimi nitapanda ndege hapa Cartagena niende Panama nikapande meli inilete Cartagena! Nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Kicheko kiliisha juma lililopita, na sababu yake ni uongo wa miaka kumi na sita. Yaneris alipochumbiwa aliwaambia wakwe zake kwamba mama yake ana duka la matunda. Mimi sikujua. Nilijua siku ya harusi, mama mkwe wake, Doña Hercilia, aliponigeukia mezani akaniuliza, "Na duka, mkwe, leo umemwachia nani?" Nikamtazama binti yangu kule aliko na shela lake, macho yote yananiomba, nami nikajibu, "Wasichana wangu wapo." Hapo ningenyamaza ningekuwa na la kujitetea, lakini ulimi wangu nao haukutaka kutulia, nikaongeza, "Lina milango miwili, hawazidiwi." Tangu hapo kila nikienda Panama naulizwa habari za duka, na kila nikiulizwa linakua, sasa hivi lina jokofu la kioo.

Kinachoniuma zaidi ni cha mwezi Juni. Nilikwenda kuwasaidia maandalizi nikamkuta Maireth anajifunza kutembea na viatu virefu, anatembea macho chini, magoti yamekunjwa, kama mtu anayevuka mto. Nikasema hapana, si mjukuu wangu. Nikachukua beseni la jikoni, nikasokota taulo likawa ngata, nikajaza maji nusu, nikamtwika. "Tazama mbele," nikamwambia, "huko chini hakuna kitu chako." Siku ya kwanza alilowa, siku ya pili akalia, siku ya nne alishuka ngazi zote za nyumba yao bila kumwaga tone, Doña Eufrasia, na shingo imenyooka, nikamwona mama yangu mzazi akishuka pale. Nilijisikia fahari mpaka machozi yakanitoka. Doña Hercilia akapiga makofi, "Malkia huyo! Mkwe, haya umejifunzia wapi?" Nami nikajibu, "Shuleni." Maireth akauliza, "Shule gani, Bibi?" Nikasema, "Ya masista." Kazi yangu sijaionea aibu hata siku moja, lakini neno hilo nalionea aibu kila asubuhi.

Basi juma lililopita Yaneris akanipigia simu, akazunguka kwanza kwenye hali ya hewa na goti langu, nikajua kuna jambo.

"Mama, siku ya Cartagena, kwa nini usipumzike tu melini? Kuna bwawa, kuna kiyoyozi, chakula muda wowote."

"Nipumzike kutoka kwenye nini?"

"Si kuna lile goti, Mama. Tutasema goti."

"Goti hili kila Februari linapanda kilima cha La Popa kwa Bikira Maria, leo limeshindwa kushuka ngazi ya meli?"

"Mama, mtembezaji atatupitisha uwanja wa San Pedro. Kina Nicolasa wakikuona watapiga kelele mpaka Panama wasikie, unawajua."

"Nawajua, ndio wenzangu."

"Mimi sioni aibu, Mama."

"Nani ametaja aibu? Neno hilo umekuja nalo wewe."

Hapo akalia. Akasema, "Uongo ule niliusema nikiwa na miaka ishirini na sita, sasa sijui nautoa vipi." Nami nilikuwa nimejiandaa kumchamba, nikashindwa, maana mtoto akilia ni mtoto tu, hata awe muuguzi mkuu.

Siku mbili baadaye Maireth akanitumia sauti kwenye simu, anasema atavaa gauni lake kubwa la sherehe apigwe picha juu ya ukuta wa Cartagena, kama wanavyofanya wasichana wote, na baba yake atamvisha viatu virefu hapohapo, kama ilivyo desturi ya kumtoa utotoni, na anasema, "Picha ya kwanza ni mimi na wewe tu, Bibi, wengine wasubiri chini." Nimeisikiliza sauti hiyo mara sijui ngapi.

Nilimweleza Nicolasa, akaweka beseni chini kabisa, na huyo haweki beseni chini kwa jambo dogo. "Shoga," akaniambia, "wewe shuka na gauni lako la rangi tatu za bendera, beseni kichwani, upige mwito wa papai tangu gatini, huyo mama mkwe aanguke hapohapo!" Nakiri wazo hilo lilinikosha. Lakini nikimfikiria Yaneris siku ile, mbele ya watu wale, moyo unakataa. Na nikifikiria kukaa juu ya meli nikiitazama Cartagena kupitia kioo, mjukuu wangu yuko ukutani peke yake, moyo unakataa zaidi. Nishuke au nibaki? Nijibu bila kunionea haya, nimezoea jua.

Ni mimi,
Mwenye duka la milango miwili,
mtaa wa San Francisco, Cartagena

*

DOÑA EUFRASIA ANAJIBU

Mwenye duka, pole kwa usingizi uliokosa, na hongera kwa mjukuu aliyeshuka ngazi bila kumwaga tone. Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya pili kwa raha tu. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Binti yako alijenga duka la mlango mmoja. Mlango wa pili ni wako, na jokofu ni lako. Yeye alikuwa msichana mwenye hofu ya ugenini; wewe ulikuwa mwanamke mzima uliyekwisha kuwanyamazisha watembeza watalii wa mji huu, na swali la mama mkwe mmoja likakushinda. Kwa hiyo usimpigie Yaneris simu kama hakimu. Mpigie kama mshirika wake, maana ndivyo ulivyo.

Umeniuliza ushuke au ubaki. Unashuka. Hilo si la kujadiliana na mtu, wala goti lisitajwe tena. Mwanamke aliyetembea mji huu miaka thelathini na minane haji kufichwa ndani ya meli nje ya mlango wake mwenyewe. Ukibaki, picha ile itakuwa na mtoto mmoja na nafasi tupu, na yeye atakuja kujua kwa nini, na kwa umri wake hatasahau.

Lakini Nicolasa mwambie atulie. Mwito wa papai tangu gatini ungenichekesha hata mimi, ila siku hiyo si yako wala si ya kulipiza, ni ya msichana anayevuka kutoka utoto. Usiuvunje uongo mbele ya watu siku ya sherehe yake. Uvunje kabla, mezani, kwa sauti ya kawaida.

Leo hii, ukimaliza kusoma, mpigie Yaneris. Mwambie utashuka na utasema kweli, na mpe nafasi amwambie mumewe mwenyewe kabla ya safari. Usishangae akikuta mume anajua. Mwanamume wa ndoa ya miaka kumi na sita asiyejua mama mkwe wake anauza nini ama ni mjinga, ama anajua na amenyamaza kwa adabu, na kutokana na ulivyomlea binti, sidhani kama aliolewa na mjinga.

Wa pili kuambiwa na wewe ni Maireth, mara tu ukifika Panama, mkiwa wawili. Huyo ulimdanganya akikuuliza kwa mapenzi, kwa hiyo asisikie kwa mtu mwingine. Usimwombe radhi kwa kazi yako. Mwombe radhi kwa wale masista.

Doña Hercilia mwambie Willemstad, wakati wa kifungua kinywa, kikombe kikiwa mezani. Sema, "Mkwe, sina duka. Nina beseni, kichwani, uwanja wa San Pedro." Halafu nyamaza. Nakujua sasa, ulimi utataka kuongeza kitu. Usiongeze. Akikasirika, ana haki ya kukasirika mpaka chakula cha mchana, amedanganywa miaka mingi. Akikudharau, basi umejua umekaa na nani, na wewe umedharauliwa na watu wenye kofia kubwa kuliko yake na bado matunda yakauzwa.

Na Don Aurelio mwache atoe daftari. Mtu huyu anavuka bahari kuja kutazama mawe, kumbe siku zote anakula meza moja na mwanamke wa Palenque, ambaye wazee wake walitoroka minyororo ya mji huuhuu wakaishi huru kabla bendera yoyote ya leo haijashonwa. Muulize kama hayo yamo kwenye daftari lake. Mwambie taratibu, ili aandike vizuri.

Siku yenyewe vaa gauni zuri la bibi wa mwenye sherehe. Beseni liache nyumbani. Mkishapiga picha ya ukutani, mjukuu akishavishwa viatu, umshike mkono mwende San Pedro, umwonyeshe jiwe unalosimama juu yake, umwambie, "Shule yangu ni hii." Kina Nicolasa watapiga kelele. Waache wapige, wawape hao abiria wa meli sherehe isiyokuwemo kwenye ratiba. Na Yaneris umsogeze karibu wakati kelele zinapigwa, umtaje kwa jina na kwa cheo chake, kila mwenzako ajue kwamba huyu ndiye yule aliyesomeshwa na embe. Mtoto wako anahitaji kuona kwamba huku hakuna mtu anayemcheka. Nadhani hajawahi kuambiwa.

Kisha uazime beseni la Nicolasa, na matunda yake ndani, umtwike Maireth akiwa na gauni lake kubwa na viatu vyake virefu, umwachie uwanja. Atatembea. Wewe ndiye uliyemfundisha.

Hapo ndipo Don Aurelio atakapoinua simu yake, na Doña Hercilia yake, na nusu ya abiria wa meli. Wazuie wote. Waombe ruhusa kwanza, halafu wamlipe mwenye beseni, kama nilivyolipa mimi siku ile nilipokupiga picha bila kuomba, ukanifuata mpaka mlango wa kanisa, mwenye duka, nami nilikuwa nimechelewa harusi.