Kiti cha Zaina

Jumatano, 14 Desemba 1994

Tenga la pili limekwisha kufungwa. Mafyulisi yameiva vizuri mwaka huu. Nimefunga mwenyewe, majani makavu chini, majani pembeni, majani juu, kamba imekazwa. Kijiji kizima cha Gare hakuna anayefunga tenga kama mimi. Wengine wanajaza nusunusu, tunda linafika Dar limekuwa uji. Nimewaambia sana. Tunda haliumizwi na njia, linaumizwa na kucheza ndani ya tenga. Hawasikii.

Mvua kutwa. Goti linauma kidogo.

Kesho anakuja binti yangu Halima na mumewe Juma na mtoto wao Zaina. Wana gari sasa. Siku hizi ruksa, kila mtu analeta gari la Ujapani. Mjukuu huyu sijampakata bado. Akija nampakata mimi, wengine watangoja.

Alhamisi, 15 Desemba

Wamefika. Gari jeupe, limetumika lakini linang'aa. Mtoto mnono, mwaka na kidogo. Kanivuta ndevu mbele ya majirani. Nimefurahi sana.

Jambo moja limeniudhi. Kwenye siti ya nyuma wamefunga kiti kingine, kidogo, cha plastiki, kina mikanda kama matandiko ya punda. Humo ndimo anafungwa Zaina. Juma anasema kilikuja ndani ya gari. Anasema huko ng'ambo ziko nchi ambazo ni sheria, mtoto hapakatwi garini. Nikamwambia sheria ya ng'ambo haijapanda mlima huu. Akacheka kwa adabu. Mkwe wangu ana adabu, hilo nalikubali.

Magoti haya yamelea watoto saba. Mikono hii ilimshika dume la ng'ombe pembe kwenye mteremko, Gare wote wanajua. Leo nishindwe na plastiki.

Jumamosi tunakwenda Korogwe kwa wazazi wa Juma. Nimesema nakaa mbele na Zaina nampakata mimi. Nimesema, imekwisha.

Ijumaa, 16 Desemba

Haijaisha. Halima kakataa. Yeye ni nesi, anasema ajali ameziona wodini. Alipiga goti, akasema polepole, "Baba, sikuvunjii heshima. Gari likisimama ghafla, mtoto anamtoka mtu mikononi. Hata awe nani."

Ati mimi anitoke!

Sikula mchana. Msikitini nimesali na hasira, Mungu anisamehe. Usiku nilikula, yalikuwa maharage. Mke wangu naye yuko upande wao. Nimezungukwa.

Jumamosi, 17 Desemba

Mvua imekatika. Juma anapakia. Tenga moja tunalishusha Korogwe. Nimevaa kanzu na koti. Mtoto nampakata. Tutaona.

Jumapili, 18 Desemba

Jana sikuandika tena.

Nianze mwanzo. Nilikaa mbele, nikanyoosha mikono nipewe mtoto. Halima akashuka naye, akasimama kwenye tope kando ya barabara. Juma akazima gari. Majirani wanatazama. Ndipo mke wangu akatoka na kikapu cha wakwe, mafyulisi niliyochagua moja moja. Kwetu zawadi ya wakwe haipandi na mizigo, inapakatwa. Akaniwekea magotini.

"Haya mghoshi, mwanamume wewe, kama magoti yanakuwasha, pakata hiki."

Majirani wakacheka. Nikakishika kikapu. Zaina akafungwa kitini kwake nyuma, mama yake pembeni. Mkanda wangu sikufunga. Nilimwambia Juma wa suruali unanitosha.

Tumepita Soni, tunashuka Mombo. Kwenye kona kuna jiwe katikati ya barabara, mvua imeliporomosha. Juma akakanyaga breki. Hatukuwa na mwendo. Naandika kweli, hatukuwa na mwendo. Kikapu nilikuwa nimekikumbatia kwa mikono miwili. Kikaondoka. Sikukiachia, kiliondoka, kama mtu kakinyakua. Kikapiga kioo, kioo kikaingia ufa, na mimi nikafuata, paji la uso juu ya kikapu. Mafyulisi yote yakapondeka. Maji yake yakawa yanateremka kwenye kioo.

Niligeuka nyuma. Zaina yumo kitini. Mikanda imemshika kifuani. Kiatu kimoja kimetoka, basi. Alinitazama, akaanza kulia kwa kuwa mimi nalia.

Kikapu kile nakiona mpaka sasa. Nikifumba macho nakiona.

Alhamdulillahi. Alhamdulillahi.

Halima aliniosha jeraha, akanifunga kwa mtandio wake. Alikuwa na haki ya kuniambia, "Si nilisema?" Hakuniambia. Nimelea vizuri.

Wakwe niliwapa mafyulisi ya kwenye tenga. Hakuna lililochubuka hata moja. Tenga nililifunga mimi. Kurudi, nilifunga mkanda. Hakuna aliyenicheka.

Jumatatu, 19 Desemba

Nimempakata Zaina barazani toka asubuhi. Kalala hapo hapo, goti likafa ganzi, sikumwondoa. Hapa magoti yangu yanatosha. Garini hayatoshi. Nimemwambia mke wangu hivyo. Kasema amesikia, nisirudie, atazimia.

Nimeshukuru kwa Mungu. Kwa Halima bado, ulimi mzito.

Jumanne, 20 Desemba

Wameondoka. Kabla hawajapanda nilimwomba Halima anionyeshe kile kiti kinavyofungwa. Sijapata kumwomba mtoto wangu anifundishe kitu. Akamkalisha Zaina, akanionyesha, mkanda huu huku, huu huku, halafu unakaza. Nikamwambia afungue, nifunge mwenyewe. Nikakaza. Nikapitisha kidole chini ya mkanda, kama ninavyopima kamba ya tenga. Mtoto hachezi.

Nikamwambia Halima, "Asante, mwanangu." Akainama kufunga kiatu cha mtoto, nacho kilikuwa kimefungwa tayari.

Zaina kanivuta ndevu. Nimemwachia.

Nilisimama mpaka mlio wa gari ukapotea bondeni. Kisha nikaenda kukata majani makavu. Mafyulisi ya shamba la juu bado hayajafungwa.