Nyumba ya Tano

Mkange, Jumanne

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, nanenepa kwa mihogo ya huku. Ila kazi hii ya kuuliza watu habari za maji niliianza vibaya. Nilikaa kisimani, nikauliza watu thelathini, na wote wakasema maji wanapata. Msimamizi wetu, Bi Vaileth, alicheka hadi machozi: "Umewauliza wenye ndoo kichwani! Wasiopata maji utawaonaje hapo?"

Basi sasa nahesabu nyumba, na kila ya tano nabisha hodi, nipende nisipende. Jana ya tano ilikuwa na mbwa mkali. Niliingia hivyo hivyo, na mama mwenye nyumba akaniambia wao hunywa maji ya mtoni.

Kuhusu posa ya Hamidu, sikufichi, nampenda. Unasema umeulizia kwa watu saba na wote wamemsifu. Shangazi, wanne ni ndugu zake, na watatu uliwakuta kwao wakila pilau! Kabla hujawajibu, nenda Kaole kwa Mwanabaraka, mke aliyeachana naye. Najua ana maneno makali. Hiyo ndiyo nyumba yangu ya tano.

Mwanao anayekuombea miguu myepesi,
Adila