Mkunga Niliyemfukuza Mlangoni

Kwa njia ya Makambako,
27 Juni, 1955

Mpendwa Mshauri, Bibi Idda,

Naomba unisamehe kwa kimya changu cha mwaka na nusu. Mke wangu Ema alipofariki nilikuandikia, ukanijibu kwa upole katika gazeti hili, nami sikurudisha hata neno moja la shukrani. Sikunyamaza kwa kiburi, bali kila nilipoandika barua nilikuta sina wa kumsomea kabla ya kuifunga bahasha, kama nilivyozoea kumsomea Ema, nikaiacha. Leo nahitaji msaada, na najua si adabu kumkumbuka mtu siku ya shida tu.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi kando ya barabara itokayo Njombe kwenda Makambako. Mwanangu wa pekee, Filbert, alipanda lori la vibarua wa mkonge mwezi wa Novemba, bila kujua kwamba mkewe Telesia alikuwa amekwisha kushika mimba, na barua zangu tatu hajazijibu. Telesia ni binti wa Makete, hana mama mkwe, hana wifi, kwao ni mbali, na mimba yake ya kwanza iliharibika. Sasa yumo katika mwezi wa nane wa mimba. Nyumba yetu ina watu wawili tu, na watu hao wawili hawasemezani.

Nieleze sababu. Katika ukoo wetu baba mkwe na mkaza mwana hawatazamani usoni wala hawazungumzi. Ema alipokuwa hai alibeba maneno yetu huku na huku. Alipokufa akayabeba Filbert, na tangu Filbert aondoke mimi husimama nje ya jiko nikauambia ukuta, “Ewe ukuta, chumvi imekwisha?” naye Telesia huliambia ghala, “Ewe ghala, mwambie Baba ipo ya siku mbili.” Utacheka. Mimi pia nilicheka mwanzoni, kisha nikagundua kwamba wiki nzima ilipita pasipo mtu kuniita kwa jina.

Aliyekuwa akija ni Bibi Fidelia, mkunga wa zahanati ya misheni, ambaye kazi yake ni kuzunguka nyumba kwa nyumba kuwatazama wanawake wajawazito na waliojifungua karibuni, hasa wale wasio na mtu, na alikuja kila Alhamisi na baiskeli yake, akakaa na Telesia jikoni, nami nikawasikia wakicheka, na nakiri mbele yako kwamba siku hiyo nilikuwa nikihamisha kigoda changu karibu na jiko ili nisikie sauti za watu. Mwezi wa Aprili alitoka jikoni akasimama mbele yangu.

“Mwalimu, miguu yake inavimba. Mimi naja siku moja kwa wiki. Hizo sita nyingine nani anamtazama?”

“Hakuna anayemtazama,” nilijibu. “Hiyo ndiyo heshima yetu.”

“Haya. Basi akizidiwa, ukuta ndio utakuja kuniita?”

Akaniambia kwamba kila asubuhi nimwulize Telesia mambo matatu, uso kwa uso: kama kichwa kinauma, kama macho yanaona vizuri, na kama uvimbe umepanda. Nilimwambia kwamba jambo hilo haliwezekani.

Alhamisi ya mwisho ya Mei sikuletewa uji. Nilikohoa nje ya jiko, sikujibiwa. Nikauuliza ukuta, sikujibiwa. Niliona moshi umekoma, nikarudi kwenye kigoda changu nikakaa, Bibi Idda, nikakaa tangu umande ulipokuwa bado umeganda juu ya majani mpaka jua la saa nane, nikijiambia kwamba amelala, kwamba amekwenda kisimani, kwamba mtu wa umri wangu haingii jikoni kwa mke wa mwanawe, mpaka Bibi Fidelia alipofika na kuingia, akamkuta Telesia ameanguka kando ya mafiga, haoni vizuri na hawezi kusema.

Akampa huduma hata akapata nafuu, akaweza kusema na kuona. Kisha alitoka nje, na jirani yangu Kefa na watu wake walikuwa wamekwisha kukusanyika.

“Mwalimu! Umekaa hapo tangu asubuhi?”

“Nilikohoa mara tatu.”

“Alikohoa!” mkunga akawaambia watu. “Msichana yuko chini, na mzee wetu amekohoa!”

Kefa alicheka. Hasira ilinipanda, nikamwambia mkunga asikanyage tena uwanja wangu. Hajaja tangu siku hiyo. Kabla ya kuondoka alisema kwamba Telesia ni vema apelekwe akangojee kujifungua katika nyumba ya akina mama, pale zahanati.

Juzi nilikuwa nikipita nyuma ya jiko nikasikia sauti ndogo. “Ewe ghala, mwambie Baba naogopa.” Nilisimama. Nikaondoka taratibu ili asijue kwamba nilikuwapo.

Je, nimrudie mwanamke aliyenifedhehesha mbele ya majirani? Au nimrudishe Telesia kwao Makete, ambako watasema tumemwacha?

Wako,
Anania, mwalimu mstaafu

*

Mwalimu Anania,

Barua yako nimeijibu kwa posta siku ileile niliyoipata, kwa sababu gazeti letu hutoka mara moja kwa mwezi, na mtoto hamngojei mpiga chapa. Hapa naichapisha kwa ajili ya wazee wengine wenye vigoda kama chako.

Pole kwa upweke wako. Nasema hivyo kwanza, kwa kuwa yanayofuata si matamu.

Bibi Fidelia hakukufedhehesha. Alisema kwa sauti jambo ulilolifanya kimya. Wewe ulimfukuza mtu pekee aliyekuwa akivuka mlango ule, ukamnyima Telesia siku yake moja ya kuongea na binadamu, kwa sababu Kefa alicheka. Mwache Kefa acheke.

Wala usijifiche nyuma ya desturi. Mimi siidharau. Lakini waliotuwekea desturi hiyo waliiweka katika nyumba zilizojaa wanawake: mama mkwe, mawifi, shangazi, wote wakiingia na kutoka jikoni. Mwanamke mmoja asingetazamwa na baba mkwe, lakini angetazamwa na wanawake saba. Wewe umebaki na katazo, na wale saba hawapo. Hiyo siyo heshima tena, Mwalimu. Ni mtu mjamzito aliyeachwa peke yake.

Kumrudisha Makete usikuwaze. Mwezi wa nane, baridi hii, milima ile, miguu imevimba?

Sasa fanya hivi. Ukimaliza kusoma, vaa koti uende zahanati kwa miguu yako mwenyewe. Usipeleke barua, unaandika vizuri mno, na barua itakupa nafasi ya kujitetea. Mwombe mkunga radhi, kisha umwombe aje kesho yake, asingojee Alhamisi. Ukirudi, ingia jikoni. Mwite Telesia kwa jina lake na umwulize yale mambo matatu. Moja likiwa baya, usikohoe: mpigie Kefa kelele, achukue machela na watu, mwende naye zahanati saa hiyohiyo.

Na habari ya nyumba ya akina mama, hukuniambia Telesia mwenyewe anataka nini. Nadhani hukumwuliza.

Idda

*

9 Julai, 1955

Bibi Idda,

Nilikwenda. Bibi Fidelia alikuwa akifua vitambaa vya zahanati. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Shika ndoo hiyo, Mwalimu, unisaidie kumwaga,” nami nikaishika. Alikuja kesho yake asubuhi.

Jikoni niliingia siku ileile niliyotoka kwake. Telesia aligeukia ukuta na kujifunika kanga.

“Telesia,” nilisema. “Geuka, mwanangu. Kichwa kinauma?”

“Leo hakiumi, Baba.”

“Macho?”

“Yanaona.” Akageuka, akanitazama. “Nilidhani Baba ni mrefu zaidi.”

Uvimbe haujapanda. Kila asubuhi naingia na kuuliza, naye hujibu, ingawa bado hushusha macho chini, nami pia hushusha yangu. Bibi Fidelia anasema kwamba Telesia anaweza kungojea kule zahanati, au anaweza kubaki hapa, mkunga akipita kila siku na Kefa akiwa tayari na machela. Nilimwuliza Telesia anataka lipi. Alishangaa, akaomba siku mbili afikiri, kwa sababu hajapata kuulizwa.

Sitamharakisha. Akishaamua, nitakuandikia.

Anania