Manette Yangu Imewasha Taa Yako

Yaya Trésor, kaka yangu mkubwa,

Habari ya kwanza ninayokuletea ni kwamba simu ya Tonton Faustin imepona. Inaita, inashikwa, na siku hizi yenyewe ndiyo inayopiga. Wiki nzima imekuwa ikipiga hapa Mangobo, asubuhi kabla Mama hajaenda sokoni na tena mchana. Mama anaitazama inavyotetemeka juu ya meza, halafu ananipa mimi niishike. Yeye hana tena la kumwambia huyo shemeji yake.

Ulipokuwa kitandani hospitalini tuliitafuta sana simu ile. Malaria ilikuwa imekula damu yako, muuguzi anasema leteni ndugu, yangu haikufaa, ya Mama haikufaa, na Tonton mwenyewe alikuwa akijisifu tangu zamani kwamba yeye na wewe na marehemu Papa mna kundi moja la damu. Nilimpigia. Alishika mara ya kwanza tu, akasema, "Niko njiani, niko hapa Lubunga, nangoja tu pirogi nivuke." Baada ya hapo simu ikawa inaita bila mtu. Mto ni uleule ambao wauza mihogo wanauvuka kila siku kwa mitumbwi hiyohiyo, lakini yeye ulimshinda. Alivuka kwenye matanga yako, na kiti cha plastiki cha mbele kabisa kilikuwa chake.

Nina hasira, Yaya. Mama ananiambia nisali, nami nasali huku nimeuma meno.

Tulikuzika, watu wakala pondu na wali, wakaimba, na turubai ikiwa bado imesimama uani ukoo wa Papa ukaingia chumbani mwako. Walisema ndiyo desturi: kijana aliyekufa bila mke wala mtoto, vitu vyake vinarudi kwa baba, na baba akiwa hayupo, kwa mdogo wa baba. Tonton alisimama katikati ya chumba akasema, "Mimi ndiye papa yake sasa." Wakabeba godoro. Wakabeba viatu, hata vile vilivyopasuka. Wakabeba skrini, kibodi, spika, na ile manette yako nyeusi ya kuchezea mpira wa kwenye skrini, uliyokuwa ukiipangusa kwa shati baada ya kila mechi. Yangu, ile ya zamani yenye uzi uliofungwa sparadrapu ya vidonda, nilikuwa nimeikalia chini ya kitenge na hakuna aliyeniambia ninyanyuke.

Halafu Tonton akafika kwenye sanduku lako.

Unakumbuka ulivyolitengeneza? Ulikuwa umepata viungo vya kompyuta zilizotupwa kwenye maofisi, kila kimoja mahali pake, ukakosa tu sanduku la kuvitia. Ukachukua stabilisateur kubwa ya Papa, ile ya kutuliza umeme ambayo iliungua yeye akiwa bado hai, ukatoa matumbo yake ya shaba, ukaipanga kompyuta yote humo ndani. Nje ilibaki stabilisateur ya kila nyumba ya mji huu, na kutu yake, na sindano yake ya volti iliyolala kwenye sifuri. Ulijipenda sana siku hiyo. Ulisema, "Muizi akiingia atabeba écran, ordinateur itabakia inamucheka." Ulikuwa unamfikiria mtu wa nje, atakayebeba skrini na kuiacha kompyuta.

Tonton akauliza na hii ni nini. Mama, ambaye unajua hadanganyi hata bei ya samaki, aliinua kichwa kutoka mkekani akasema, "Ile iko stabilisateur. Ilisha kufa." Tonton akaisukuma kwa ncha ya kiatu, akasema muache huo uchafu. Wakatoka. Mama akainamisha tena kichwa akaendelea kulia palepale alipokuwa ameachia.

Basi sasa unaelewa simu ilipona kwa nini. Kule kwake waliiweka skrini yako sebuleni, wakatafuta nyuma yake tundu linalokubali uzi wa manette, wakachomeka, watoto wakakaa kimya kungoja mpira. Hakuna kitu. Akaita fundi, na fundi akacheka, akamwambia alichobeba ni kioo tu, kompyuta yenyewe hakuibeba. Ndipo Tonton akapiga. "Ordinateur ya mutoto wangu iko wapi? Mulificha wapi?" Hakuuliza kama Mama analala. Hakuuliza kama tunakula. Alisema Jumapili baada ya misa atakuja na wazee wawili wa ukoo kutoka Yanonge, na tuwe tumeiweka mlangoni.

Jumamosi mchana umeme ulirudi. Nikaazima skrini na kibodi kwa jirani, nikafunga mlango, nikakaa sakafuni upande wangu wa kawaida. Nilitaka kuunganisha manette mara moja tu kabla hawajaja. Nilifuata yote uliyonifundisha. Matundu ya nyuma, kwa sababu ya mbele hayana uhai. Uzi uukunje kuelekea ukutani, la sivyo unakatika. "Manette mbele, muchezo nyuma, leki," ulikuwa ukiniambia mimi mdogo wako, kwa sababu ukifungua mchezo kwanza, manette haionekani tena. Finya kifungo cha katikati, ushikilie, mpaka zile taa ndogo ziache kukimbizana.

Ziliacha. Iliyobaki ikiwaka ilikuwa taa ya kwanza.

Miaka yote tuliyocheza, taa ya kwanza ilikuwa yako. Wewe ndiye uliyekuwa ukichomeka kwanza, ukisema mukubwa anaingia mbele, bon, na mimi nikinung'unika nyuma yako na taa yangu ya pili. Nilichomoa uzi, nikauhamishia kwenye tundu lingine. Ya kwanza tena. Nilirudia nikiwa nimeanza kuikasirikia mashine yenyewe. Lakini mashine haijui nani ameishika. Inajua tu nani amefika, na aliyefika alikuwa peke yake.

Nikafungua mchezo. Jina lako lilikuwa palepale juu, TRÉSOR, kwa herufi kubwa kama unavyopenda mwenyewe. Msimu wetu ulikuwa umesimama kwenye mechi ya mwisho, wewe na mimi, ile uliyoiacha siku homa ilipoanza, ukaniambia, "Leki, nitakupiga kesho." Nikafinya kuendelea. Skrini ikaandika kwa Kifaransa kwamba niunganishe manette ya pili.

Nililia mdomo wazi, kama mtoto. Mama akasukuma mlango, mikono ina magamba ya samaki, akatazama yale maandishi asiyoyajua, akauliza, "Inasema nini?" Nikamwambia inamungoja mutu mwingine. Akakaa karibu nami, mikono yake ameiinua asinichafue, na tukaitazama ikingoja mpaka umeme ulipokatika.

Kisha nikachukua bisibisi yako. Kile kibati kidogo cha diski, kinachotunza michezo yetu yote, ulichonionyesha siku ile ukasema vingine vyote ni mifupa, hapa ndipo ninakaa mimi, nilikifungua skrubu zake polepole na kukitoa. Nikafunika sanduku. Sindano bado inaonyesha sifuri, kutu bado ipo, ukiliona huwezi kujua.

Jumapili Tonton alikuja na koti. Wazee wakapewa viti, wakapewa maji. Akaongea mengi juu ya ukoo, juu ya wanawake wanaoficha vitu vya marehemu, mbele ya Mama, Yaya, ndani ya nyumba ya Mama. Halafu akarudia yale maneno yake, kwamba yeye ndiye papa yako sasa. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nilikuwa nimesimama na sinia la glasi. Nikasema, "Papa anashikaka simu."

Hilo tu, kwamba baba huwa anashika simu ya mtoto wake. Mzee mmoja akatazama glasi yake. Wa pili akamtazama Tonton. Tonton akasema sina adabu. Nikamngoja Mama anikaripie kama anavyonikaripia hata nikipitisha chumvi kwa mkono wa kushoto. Alichukua sinia mikononi mwangu akaenda kuliweka jikoni.

Usifikiri tulishinda. Wazee waliona aibu, lakini desturi ni desturi, na sanduku, tulipomwambia kompyuta imo humo, alilichukua. Alilibeba mwenyewe begani mpaka kwenye pikipiki, jasho linaingia kwenye kola, kwa sababu lile bati la Papa ni zito kuliko alivyodhani. Hakulifungua. Atafika, atachomeka skrini, atachomeka manette yako nyeusi, mashine itawaka na kusema haina kitu ndani. Ataita fundi wake tena, na fundi atacheka tena. Halafu atapiga simu hapa. Safari hii nitamshikia, kwa adabu yote, nitamwambia niko njiani, niko hapa Lubunga, nangoja tu pirogi nivuke.

Diski iko kwenye sanduku la nguo la Mama, ndani ya kitenge alichovaa siku ya kukuzika. Amekikunja mwenyewe.

Sasa nikuage, maana Mama ananiita tukatwike samaki. Kaa vizuri huko, na umsalimie Papa. Nakuahidi hivi. Nitatafuta viungo vingine, kimoja kimoja, kama wewe, nami nitaijenga upya hata kama ni ndani ya sufuria. Nitatafuta manette mbili. Nitachomeka moja kwanza, niiweke sakafuni upande wako, mpaka taa ya kwanza iwake. Ndipo nitachomeka yangu. Nitafungua mechi yetu, watu wako watasimama tu uwanjani mikono chini, goli lako wazi, nami sitapiga. Nitapitisha mpira kwa watu wangu, nyuma, nyuma, mpaka muda uishe. Itakuwa sare, Yaya. Hakuna atakayekufunga.

Leki wako, bado wa pili,
Nadège