Mizinga Tisa ya Kustaafia

Kijiji Kipya,
karibu na Runyenjes, Embu.
21 Agosti 1955

Mpendwa Kaka Mutegi,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na majirani zako wa huko Mombasa. Je, mgongo umepona, au bado unakalia mto kazini? Mimi mzima, ila nimekonda. Watoto wana kikohozi, lakini wanakula.

Barua hii haipiti posta, na wewe karani wa posta unajua nani huzifungua na kuzisoma. Nimempa Barre, dereva wa lori, aitie mkononi mwako.

Nimepata barua yako juu ya kustaafu Desemba. Nimeisoma mara tatu. Asubuhi kukagua mizinga yako tisa ya nyuki, adhuhuri magazeti barazani, jioni kuwafundisha wazee kusoma. Mpango mzuri, Kaka. Lakini baraza hilo halipo. Nyumba uliyoijenga mwaka wa arobaini na saba ilibomolewa na kuchomwa mwezi wa Juni, na yangu pia. Tulipewa siku mbili za kuhama, eti tusiwalishe wapiganaji wa msituni. Sasa tumezungukwa na handaki lenye miti iliyochongwa, na kutoka ni kwa ruhusa. Magazeti unayoyapenda yanasema tunalindwa. Nionyeshe mtu anayelindwa kwa kuchomewa nyumba, nami nitanyamaza. Wala usiniambie ni kosa la afisa mmoja. Ni Serikali ile ile uliyoipigia mihuri miaka ishirini na minane.

Hayo huenda umeyasikia nusu nusu. Lililonishtua mimi ni jingine.

Mke wako amepanda juu ya mti.

Unajua kwetu mwanamke hagusi hata mzinga ulioanguka. Lakini kando yote ya msitu iliamriwa ifyekwe na kuchomwa, pamoja na mringaringa wako, mti ulioitundika mizinga. Sisi wanaume tulikuwa tumepelekwa kuchimba handaki. Asali hurinwa usiku, na siku hizi anayeonekana usiku na moto hupigwa risasi. Basi Karambu alipanda mchana, jua kali, na kitambaa kinachofuka moshi. Akaishusha mizinga kwa kamba, mmoja mmoja, akaibeba mgongoni, ukanda kipajini, kama kuni. Siku zote mbili. Nilimkuta njiani uso umevimba, nikadhani amepigwa. Alipotua mzigo nikauona mzinga, nikaanza kumgombeza mbele ya watu, mimi ninayejidai msomaji. Aliubeba tena, akanipita.

Cherehani, kitanda na viti viliungua ndani ya nyumba. Mizinga yote tisa, yenye chapa yako, iko nyuma ya kibanda chake. Miwili tu ndiyo iliyobaki na nyuki. Mzee Runji alisema itupwe, ni mkosi. Wiki iliyopita alituma mtu kuomba asali ya kikohozi.

Nilikusudia kukuandikia ubaki Mombasa, uombe hata kazi ya kulinda ghala, mpaka wendawazimu huu uishe. Nilimweleza Karambu hivyo. Aliendelea kumenya nduma, hakuinua macho.

“Mwandikie utakavyo, shemeji,” akasema. “Ila muulize nilipanda mti ule kwa ajili ya nani.”

Basi nakuuliza. Lile la kubaki Mombasa nimelifuta.

Mama mdogo Celina anakusalimu, na Mbae, na watoto wote. Mungu akufikishe Desemba, na akufungulie njia ya kuja.

Ni mimi nduguyo, akupendaye hata akikugombeza,

Ireri