Jina Nililoliruka

Jumatatu, 6 Februari 2006
Nimemwogesha Bibi Edith, mzee ninayemtunza hapa Marekani, nikampa uji, tukarudi kwa makaratasi. Binamu yake wa Uingereza ametuma nakala za kitabu cha ubatizo cha kanisa la kijijini kwao. Macho ya Bibi yamekwisha, kwa hiyo nasoma mimi. Mtoto, baba, mama, kazi ya baba. Kibarua wa shamba. Kibarua wa shamba. Mhunzi. Nikasema hawa watu walizaa bila kupumzika.
"Baridi, mwanangu. Ungefanya nini kingine?"
Tunamtafuta Hannah, nyanya yake.

Jumatano, 8 Februari
Nimempata. Mama: Eliza, mtumishi wa ndani. Kwa baba, patupu. Pembeni kasisi ameandika: mwana wa haramu.
Nimemruka. Nikasoma anayefuata kana kwamba hakuna kitu. Kwetu Kakamega sisi tusio na baba tulibatizwa siku ya kazi, kanisa tupu. Aibu hiyo naijua. Sikutaka imfikie mzee wa watu kwenye kiti chake.

Ijumaa, 10 Februari
Kurasa zimeisha. Nimemwambia Hannah hayumo.
Akasema: "Basi walimfukuza mlangoni pa kanisa."
Hakugusa chakula. Nimemkasirikia. Baadaye nikajikasirikia. Nyumbani mwanangu Neema ana homa ya meno, hanitoki mgongoni. Nimechoka.

Jumapili, 12 Februari
Theluji hadi magotini. Mabasi hakuna. Nimejaribu maneno nikiosha vyombo: Bibi, nilikudanganya. Hakuna namna nzuri ya kuyasema. Kesho, kabla ya uji.

Jumatatu, 13 Februari
Joan, binti yake, amepiga simu asubuhi. Kiharusi.
Nimemsomea hospitalini, mstari wote, hata lile neno baya. Mara tatu. Macho yake darini. Sijui kama amesikia. Ijumaa angesikia.

Jumamosi, 25 Februari
Tulimzika jana. Leo nimekwenda nyumbani kwake, Wheaton, kumsaidia Joan kufungasha vitu. Nimemwambia yote, nimesimama.
"Mama alijua Hannah hakuwa na baba," akasema. "Tangu utotoni. Alitaka tu kujua kama kanisa lilimpokea."
Lilimpokea. Liliandika jina lake. Mimi ndiye niliyemrudisha mlangoni.
Nimeomba msamaha. Hakusema "si kitu". Hakunifukuza pia. Akachukua shuka kitandani, akanipa upande mmoja, tukaikunja.