Skuta Niliyoichagua kwa Sikio

Ngara, Jumamosi. Ukungu umeshuka tangu alfajiri na mpaka jioni hii haujaondoka kilimani. Nguo nilizoanika jana bado mbichi.

Nimenunua skuta.

Nimeandika sentensi hiyo, nikaifuta, nikaiandika tena.

Mume wangu Deo alifia kwenye pikipiki, kwenye kona ya mteremko wa kuelekea Kirushya, lori la ndizi lilipokatika breki. Tangu hapo naishi na mama yake, sisi wawili tu, na neno pikipiki halitamkwi nyumbani kwetu. Lakini nimehamishiwa shule ya mbali. Kutembea kumenishinda, na bodaboda siwezi. Nikikaa nyuma ya dereva naona mgongo wa Deo. Naona hata mshono wa koti lake.

Mwalimu mwenzangu, Asteria, ndiye aliyenifundisha kuendesha, kwa skuta yake, kwenye uwanja wa shule. Nikiendesha mwenyewe, mbele yangu hakuna mgongo wa mtu.

Kuna jambo sijamwambia hata Asteria. Giza likianza kuingia hupita pikipiki yenye mlio kama wa pikipiki ya Deo, nami huinuka kwenda kufungua mlango. Mama mkwe naye huinuka. Tunakutana mlangoni, kila mmoja anarudi alikotoka.

Jumatano nilikwenda Biharamulo, kwenye duka linalouza skuta mpya na zilizotumika. Muuzaji, mzee mmoja mpole, alinieleza habari za matairi, mafuta na vipuri. Sikumsikiliza. Nilimwomba aziwashe moja moja, nikafumba macho.

"Mwanangu, wewe ni fundi?" akaniuliza.

Nikatikisa kichwa.

Ile nyekundu, nzuri kuliko zote, ilipowaka nilifumbua macho kuutafuta mlango. Ilikuwa yeye. Nikamwambia azime. Akazima haraka, nadhani aliuona uso wangu. Nikachukua ya kijivu, iliyotumika, yenye mkwaruzo ubavuni, kwa sababu inalia kama cherehani. Haifanani na mtu yeyote ninayemfahamu.

Leo asubuhi lori lililoileta lilinishushia stendi, nikaiendesha hadi nyumbani. Mama mkwe alikuwa barazani anachambua maharage.

"Shikamoo, mama."

Aliitazama skuta, akanitazama mimi, akaitazama tena. Nilijiandaa kwa kilio, au kwa laana.

Akaweka ungo chini. Akaingia ndani, akatoka amevaa viatu vyake vya kanisani na kujifunga kitenge kipya.

"Nipeleke pale."

Sikuuliza wapi. Siku ya ajali watu walimshika asiende, na baadaye mwenyewe alimkatalia kila aliyetaka kumpitisha njia hiyo. Nikamvalisha kofia ngumu, nikamfunga kamba kidevuni. Ngozi yake ilikuwa ya baridi.

Tulishuka polepole, ukungu ukitufunika. Kwenye kona nikasimamisha. Hakuna alama yoyote pale. Migomba imeinamia barabara, chini yake maharage yametoa maua. Mtu mgeni angepita bila kugeuza shingo.

Mama akashuka. Akatazama barabara upande wa juu, kisha upande wa chini.

"Alikuwa anakwenda au anarudi?"

Miaka yote hii sikujua kwamba hajui.

"Alikuwa anarudi nyumbani, mama."

Akaitikia kwa kichwa. Halafu akaanza kusema kwa Kihangaza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemsemesha mwenzake aliyesimama karibu. Alimwambia mwanawe kwamba ukungu ni mwingi, asikimbie. Sisi tunatangulia, yeye aje taratibu nyuma yetu.

Nilitaka kulia, sikuweza. Nikawasha skuta.

Akapanda, akanishika kiunoni kwa mikono yote miwili. Hajawahi kunishika hivyo, hata siku ya mazishi. Tukapanda mlima.

Njia nzima ya kurudi sikutazama kioo cha pembeni, kile kinachoonyesha anayekuja nyuma.

Sasa hivi amelala, usingizi mzito ambao sijauona kwake tangu msiba. Kabla ya kulala aliniambia kesho nimpeleke kanisani kwa skuta. Nitampeleka.

Lakini kioo je, nitathubutu kukitazama?